Macho ya manjano na namba ya CA 19-9

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 61, tunaishi Makorora, Tanga. Hii ni wiki ya tatu macho yake ni ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka kama udongo wa mfinyanzi, na usiku kucha anajikuna. Hana homa. Maabara moja ya binafsi ilimpima "alama za saratani": CA 19-9 imetoka 412, CEA 3.1. Aliyetukabidhi majibu alisema ni saratani ya kongosho. Ndugu wanataka abaki nyumbani apumzike. Tufanyeje?
Binti mkubwa, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Asibaki nyumbani. Dalili ulizozitaja ni za njia ya nyongo iliyoziba, na hilo lina matibabu. Saratani inawezekana, ila namba 412 haitoshi kumhukumu nayo.

CA 19-9 hutolewa na chembe za ukuta wa ndani wa mirija ya nyongo na kongosho, hata kwa mtu mzima wa afya. Siku zote huteremka pamoja na nyongo hadi utumbo, ndiyo maana kwenye damu hubaki kidogo, chini ya yuniti 37 kwa mililita. Njia ikiziba, nyongo hurudi nyuma, na CA 19-9 huvuja kuingia kwenye damu sawa na bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, inavyovuja na kuyapaka macho manjano. Kijiwe cha nyongo kinatosha kufanya hivyo. Maambukizi yakiingia kwenye mrija ulioziba, namba inaweza kufika maelfu, na mgonjwa akawa hana saratani hata chembe.

Fikiria mtaro wa Ngamiani ukiziba wakati wa masika. Maji yanapanda hadi barazani. Huwezi kupima kina cha maji pale barazani ukasema kilichoziba ni mfuko wa plastiki au ukuta uliobomoka. Lazima mtu aende akaangalie mtaroni.

Kuangalia huanza na utrasaundi. Mpelekeni hospitali ya Bombo akiwa hajala kwa saa 6 hadi 8, kwa sababu chakula huufanya mfuko wa nyongo ujikamue na usionekane vizuri. Kwenye ripoti tafuteni upana wa mrija mkuu wa nyongo: kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7, ingawa kwa wazee na waliokwisha kutolewa mfuko wa nyongo huzidi kidogo. Tazameni pia kama mirija ya ndani ya ini imepanuka, na kama mfuko wa nyongo umejaa. Mfuko uliovimba hadi kushikika kwa mkono bila maumivu huelekeza zaidi kwenye uvimbe ulio ncha ya chini ya mrija kuliko kwenye kijiwe. Lakini tahadhari: hewa ya tumbo huficha ncha ya chini ya mrija na kichwa cha kongosho, na huko ndiko vijiwe na uvimbe hupenda kukaa. Ripoti ikisema "hakuna kijiwe kilichoonekana", isomeni hivyo hivyo: hakikuonekana.

Mrija ukiwa umepanuka na sababu haijulikani, kinachofuata ni CT ya tumbo, yaani picha za eksirei za kompyuta, yenye dawa ya kung'arisha, baada ya kupima kreatinini kuona kama figo zitaimudu dawa hiyo. CT ifanyike kabla ya kuwekwa stenti, yaani kijibomba kinachowekwa ndani ya mrija kuufungua. Kosa hili huwagharimu wengi: stenti ikishawekwa, mrija husinyaa na eneo huvimba, na picha inakuwa ngumu kusomeka.

Damu nayo ipimwe vipimo vyenye faida: bilirubini ya jumla na ya moja kwa moja, ALP (kimeng'enya kinachopanda njia ya nyongo ikiziba), na muda wa damu kuganda, yaani INR. Bila nyongo utumbo haufyonzi vitamini K, na bila vitamini K ini halitengenezi protini za kutosha za kugandisha damu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kutoka damu nyingi kwenye upasuaji mdogo tu. Daktari akiona INR imepanda, huanza na sindano ya vitamini K.

Akipata homa na kutetemeka, msingoje asubuhi. Nyongo iliyoziba ikioza huua haraka. Anahitaji antibiotiki na kufunguliwa njia.

CEA, ile alama nyingine ya saratani, ya 3.1 iko chini ya 5, kikomo ambacho maabara nyingi hukitumia, lakini haimwondolei shaka. CA 19-9 irudieni njia ikishafunguliwa na bilirubini ikishashuka, wiki 2 hadi 4 baadaye, kwenye maabara ile ile, maana mashine tofauti hutoa namba tofauti. Ikishuka karibu na 37, sehemu kubwa ya ile 412 ilikuwa ya kuziba. Ikibaki juu ilhali macho yameshatakata, shaka ya saratani inakuwa nzito, na hapo picha na kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe ndivyo vitakavyoamua. Kwa sasa, kama mna fedha ya kurudia kipimo hiki, ipelekeni kwenye CT.

SWALI: Bibi yangu wa Muheza ana manjano na amekonda sana. CA 19-9 yake imesoma chini ya 2, lakini daktari bado anataka CT. Si tumeshajua hana saratani?
Mjukuu, Muheza

JIBU: Daktari wenu yuko sahihi. Kuna watu ambao miili yao haiwezi kabisa kutengeneza CA 19-9, kwa sababu ya kundi lao la damu la Lewis (mpangilio tofauti na ule wa A, B na O), na kwa Waafrika ni wengi kuliko kwa Wazungu. Mtu huyo anaweza kuwa na uvimbe mkubwa wa kongosho na namba ikabaki karibu na sifuri. Tena kwa mwenye njia iliyoziba tungetarajia ipande angalau kidogo, hivyo "chini ya 2" inatufanya tushuku kwamba bibi ni mmoja wao. Kwake kipimo hiki hakina la kusema, leo wala baada ya matibabu. Mpelekeni CT wiki hii.