Noeli Haiishi Tarehe 25: Maswali ya Wazazi wa Kigoma

Majilio, majuma ya kumngojea Bwana kabla ya Noeli, yameanza na simu yangu haitulii. Nimejibu haya sita. Ya kugombana na mawifi nimeyaweka kando, yale yanataka kikao na chai.

Shikamoo mama. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miezi saba. Mwaka jana kwenye Misa ya usiku wa Noeli nilitoka nje mara nne, mwishowe nikarudi nyumbani na mvua huku nalia. Mwaka huu nijilazimishe tena? (Mama watatu, Gungu)

Marahaba mwanangu. Usijilazimishe. Noeli ina Misa ya mkesha jioni ya tarehe 24, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, na yoyote utakayohudhuria inatimiza wajibu wako. Usiku wa manane hauna thawabu ya ziada. Nenda asubuhi, watoto wakiwa wamelala vizuri na wamekunywa uji.

Halafu msikae nyuma. Najua mnakaa nyuma kwa aibu, lakini mtoto aliye nyuma anaona migongo tu, lazima asumbue. Akae mbele aone mishumaa, pango la Noeli na watumishi wa altare, na baba yake awe ndiye anayemshika yule mkorofi. Mtoto mchanga akitaka kunyonya, mpe. Hayati Papa Fransisko, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina kule Vatikani, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, aliwaambia kina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa bila wasiwasi. Kama inawezekana chini ya michoro ya Michelangelo, inawezekana kwenye benchi letu, na khanga unayo. Mzee atakayegeuka kukutazama kwa jicho kali, mwache. Naye aliwahi kumtoa mama yake jasho kanisani.

Mume wangu anavua dagaa. Mwaka huu sikukuu inatukuta kwenye mbalamwezi, mitumbwi imepanda nchi kavu, na Januari binti anaanza kidato cha kwanza bweni. Wadogo zake wanataka nguo mpya kama watoto wa jirani. Tukope? (Mke wa mvuvi, Kibirizi)

Kwa ajili ya nguo, hapana. Deni la gauni utalilipa Machi, na gauni lenyewe litakuwa limeshabana.

Wewe umeolewa na ziwa, unajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, na ukipungua, giza linarudi na mitumbwi inashuka. Basi ipangeni sikukuu kwa kalenda hiyo. Kwa Kanisa, Noeli haikunjwi jioni ya tarehe 25 pamoja na viti vya kukodi. Kipindi kinaendelea mpaka Ubatizo wa Bwana, ndani ya Januari, na katikati yake ipo sikukuu ya Tokeo la Bwana, ya Mamajusi kumfikia Mtoto Yesu. Tarehe 25 nendeni Misa, mkirudi kuleni wali na samaki, mgebuka mmoja mkubwa. Kuku na soda viwe vya Tokeo la Bwana, giza likiwa limerudi. Mamajusi nao walifika wamechelewa, na zawadi zao zilipokelewa.

Ila watoto waambieni mapema, tena kwa hesabu. Waketisheni mkekani na ile karatasi ya shule ya dada yao: godoro, ndoo, tranka, sare, madaftari. Mtoto wa miaka minane anaelewa hesabu ya godoro. Asichokielewa ni mzazi anayesema "tutaona" tangu Novemba, kisha asubuhi ya sikukuu anafoka. Mitumba mizuri ipo sokoni Mwanga; fua, piga pasi, nguo inang'aa. Mimi nilivaa gauni moja la dada yangu Noeli tatu mfululizo. Nililalamika kila mara, sitakudanganya. Lakini nikikumbuka sikukuu zile ninachokiona kwanza ni sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, na baba anatusomea Injili ya Luka kwa taa ya chemli, akikwama palepale kila mwaka kwenye jina la Kirenio.

Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mwislamu, tulifunga ndoa kanisani kwa ruhusa ya Kanisa. Watoto wamebatizwa. Mama mkwe yuko Ujiji na anataka wajukuu wakae kwake likizo nzima ya Desemba. Naogopa kwa imani yao, na mume anasema namdharau mama yake. (Mkwe wa Ujiji)

Kwanza tulia, hapa hakuna mwenye nia mbaya. Bibi anataka wajukuu, basi.

Siku mliyopewa ruhusa uliahidi kufanya kila uwezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mumeo alijulishwa ahadi hiyo. Ahadi iko palepale. Lakini hukuahidi kuwaficha watoto wasimjue bibi yao. Mapadre wa kwanza, wale Wamisionari wa Afrika tunaowaita White Fathers, walipofika Ujiji mwaka 1879 waliukuta ni mji wa Waislamu. Tumekaa hivi kwa miaka mingi, tumezikana na tumeoleana. Hata mbuzi wa Noeli, nyumba nyingi huku kwetu bado humwita jirani Mwislamu achinje, ili nyama iende kila nyumba na kila mtu ale.

Ningefanya hivi. Noeli watoto wawe kwenu na waende Misa na wewe. Tarehe 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi, wamalize shughuli zao za Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki, parokiani, kisha ndiyo waende kwa bibi na mguu wa yule mbuzi. Jumapili mtu mzima akawachukue kwa ajili ya Misa, awarudishe mchana. Usimwachie mtoto wa miaka kumi kazi ya kumwambia bibi "mama amesema niende kanisani". Hiyo ni kumtuma mtoto vitani. Na Idi wapeleke tena, tena wewe mwenyewe uwapeleke, ukae ule.

Wakimsikia bibi akimtaja Nabii Isa na Bibi Mariamu, usiruke. Qurani ina sura nzima yenye jina la Mariamu, ya 19. Waache wamsikilize, kisha nyumbani uwaeleze waziwazi kwamba sisi tunamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu na bibi haamini hivyo, na kwamba bibi anaheshimiwa vilevile. Mtoto haharibiwi na tofauti aliyoelezwa. Anachanganyikiwa na ile anayoisikia ikinong'onwa jikoni.

Jambo moja gumu: ikiwa bibi atataka kuwaandikisha madrasa, usilizungumze wewe. Neno zito kwa mkwe hulisema mwenye mama. Mumeo aliijua ahadi yako tangu siku ile, na aseme yeye, kwa upole, akiwa peke yake na mama yake.

Wageni kumi na mmoja wanakuja kwa treni kutoka Tabora na Dar. Tuna vyumba vitatu. Mume anasema binti yetu wa miaka tisa alale chumba kimoja na baba yake mdogo, "ni ndugu". Mimi roho haitaki. (Buzebazeba)

Isikilize roho yako. Wanawake na watoto wa kike chumba kimoja hata kama ni mikeka mitatu, wanaume sebuleni, mpaka mgeni wa mwisho apande treni. Iwe kanuni ya nyumba kwa kila mgeni; hivyo hakuna anayetuhumiwa, na ndugu mwema hatakasirika. Binti mwambie kabla hawajafika kwamba mtu akimgusa na kumwambia "hii siri yetu", aje kwako saa hiyohiyo, na hatapigwa. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kuharibu sikukuu. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, ibandikeni ukutani.

Wa miaka saba ameniuliza kama Baba Krismasi yupo kweli. (Kasulu)

Mwambie wa kofia nyekundu ni mchezo, ila Mtakatifu Nikolao, Askofu wa Mira, aliishi kweli, na kumbukumbu yake ni tarehe 6 Desemba. Kisha mpe udongo wa kichuguu atengeneze ng'ombe na punda wa pango. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake kule Greccio mwaka 1223 alitumia nyasi na wanyama wa kweli, hakununua kitu dukani. Mtoto Yesu awekwe usiku wa tarehe 24, si kabla. Atakuuliza kila siku Mtoto Yesu yuko wapi, na hilo ndilo Majilio.

Dada wa kazi anaomba kwenda kwao Kibondo Noeli, na mimi nina wageni. Nikimzuia hadi tarehe 2 nitakuwa nimekosea? (Mwanga)

Ndiyo. Mkatie tiketi mapema maana mabasi yatajaa, aondoke tarehe 23 na mshahara wake wote mkononi na kilo mbili za mchele kwa mama yake. Vyombo mtaosha, umeniandikia mwenyewe kwamba una vijana wawili wa sekondari nyumbani.