Kabla Hujanunua Mashine ya Kusaga Njugu

Karibu kila wiki hunipigia simu kijana anayetaka kurudi kwao afungue kiwanda kidogo, na swali la kwanza huwa lile lile: "Mashine ni pesa ngapi?" Mimi husaga njugu kule Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, na siagi yake naiuza hapa Nairobi. Huu ni mwaka wa saba. Mashine ndiyo sehemu rahisi. Mafundi wa Kariobangi Light Industries watakuundia ukiwapa vipimo na muda, na ikivunjika watairekebisha. Kinachoua viwanda vya mashambani ni pesa kukwama kati ya siku unayonunua njugu na siku duka linapokulipa.

Anza na upande wa kununua. Njugu za kwetu hupandwa mvua za masika zikianza na kuvunwa kuanzia mwezi wa saba. Wakati huo kila nyumba inauza, karo inadaiwa, bei iko chini. Ikifika Januari bei imepanda, na waliobaki na mzigo ni madalali wanaolisha soko la Nyamakima hapa Nairobi. Kwa hiyo kiwanda hulazimika kununua mali ya miezi mingi ndani ya wiki chache. Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza akiba yote kwa mashine na banda la mabati. Msimu ulipofika nilikuwa na pesa za magunia manne tu. Kufikia Oktoba mashine ilikuwa imenyamaza, na wale akina mama watatu niliowaajiri kuchambua njugu nikawaambia waende nyumbani. Hilo bado linaniuma.

Sasa upande wa kuuza. Duka kubwa la Nairobi litakuambia linalipa baada ya siku 60, wengine 90. Hesabu mwenyewe. Ukipeleka chupa 200 kila wiki, kabla ya kuona hela ya kwanza utakuwa umewapa karibu chupa 1,700. Kila chupa ikiwa imekugharimu shilingi 180, hizo ni zaidi ya shilingi 300,000 zimelala kwenye rafu ya mtu mwingine, na huku kijijini msimu hauwezi kukungojea. Niliwahi kumwachia muuzaji mmoja mzigo wa miezi minne, akafunga duka bila kunilipa. Tangu hapo nimejiwekea kiasi ambacho mteja wa mkopo hawezi kukizidi, hata akiwa rafiki. Mtu anayeanza, namshauri auzie maduka madogo ya mitaani, shule na wauza mikate, wanaolipa kwa M-Pesa mzigo ukishuka. Faida kwa chupa itakuwa ndogo, lakini pesa itarudi wiki hiyo hiyo.

Usitegemee pia kwamba mkopo wa serikali utaziba pengo lote. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, unaishia shilingi 50,000, na wengi huanza na kiasi kidogo kuliko hicho. Unasaidia kununua chupa na vifuniko, haujazi ghala. Kenya Industrial Estates, iliyoanzishwa 1967 kwa ajili ya viwanda vidogo, hukopesha zaidi, lakini nenda na vitabu vya hesabu vilivyonyooka. Mimi kilichonivusha ni chama chetu cha watu kumi na wawili: tulipanga zamu yangu ya kupokea iangukie Julai.

Jambo la pili ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ni uhai wa watu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, hasa kule Ukambani. Mwaka 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu hiyo hiyo. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kukaanga hakuiondoi sumu yote. Ukinunua njugu mbovu, hakuna mashine itakayokuokoa.

Msimu wangu wa pili niliingia kwenye boma la mama mmoja ninayenunua kwake, nikamkuta ameketi kwenye gunia, beseni kando yake, ananyunyizia njugu maji kwa kiganja.

"Mama, mbona unazilowesha na zilikuwa zimekauka?"

"Maganda ni magumu, mwanangu. Vidole vinachubuka. Zikilowa zinafunguka upesi."

Akanionyesha vidole. Kucha zilikuwa zimeliwa, ngozi ya kidole gumba imepasuka. Sikuwa na la kumlaumu. Unyevu ule ndio unaokaribisha ukungu, lakini dawa yake haikuwa mimi kumhubiria. Pesa nilizokuwa nimeweka kando kwa injini kubwa zaidi nikanunua mashine mbili za kubangua za kuzungusha kwa mkono, nikaziacha kijijini zizunguke nyumba kwa nyumba. Na maturubai, ili njugu zisianikwe juu ya udongo. Tangu hapo nalipa nyongeza kidogo kwa kila kilo iliyoletwa kavu, inayolia ndani ya ganda ukiitikisa. Na akina mama wa kuchambua nawalipa kwa siku, kamwe si kwa kilo, kwa maana anayelipwa kwa kilo atafumbia macho ile iliyonyauka au kubadilika rangi, na sumu nyingi hukaa katika hizo.

Kuhusu stima sitasema mengi. Mradi wa Last Mile uliowafikishia watu wengi umeme tangu 2015 uliwapa laini ya taa na redio. Mota kubwa inataka fezi tatu, yaani laini ya umeme wa viwandani. Uliza ofisi ya Kenya Power iliyo karibu kama transfoma ya pale kwenu inaweza, na uulize kabla ya kulipia ploti. Jioni kila mtu akiwasha vitu vyake nguvu hushuka, mota ikapata moto, nawe utabeba chuma kwenye basi la usiku kuja kutafuta fundi wa kusuka upya nyaya zake Nairobi. Mimi nilibeba mara mbili. Siku hizi tunasaga kuanzia alfajiri na kufunga saa tisa.

Karatasi nazo zina gharama: leseni ya kaunti, cheti cha afya cha wafanyakazi, alama ya KEBS, msimbopau (barcode) unaoanza na 616. Ongeza ankara za kielektroniki za eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 duka haliwezi kuihesabu pesa liliyokulipa kama gharama yake kwa mamlaka ya ushuru, KRA, bila ankara hiyo. Kama bado unajaribu soko, ulizia KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, hapa Nairobi kuhusu mitambo yao ya usindikaji ambayo wajasiriamali wadogo hupata nafasi ya kutumia. Saga kidogo, uza, ona nani analipa na baada ya siku ngapi.

Kisha mwezi wa saba nenda kijijini bila fundi na bila mashine. Kaa wiki mbili kwa watu utakaonunua kwao, uone njugu zinaanikwa wapi, zinabanguliwa vipi, na ni nani aliyetangulia kuwapa pesa za karo kabla yako.