Re: Sainasi ya upande mmoja, dawa zimegoma

Salaam mkuu. Umesema mama anatoka usaha wenye harufu tundu la pua la kulia tu, na antibayotiki hazijafua dafu. Huo upande mmoja ndio wa kutilia shaka. Mzio kwa kawaida hushika pande zote.

Anzeni na meno: gego la juu likioza mzizi, usaha hupanda kwenye sainasi ya shavu (uwazi ulio ndani ya mfupa wa uso). Kisha CT (skani ya kompyuta), maana eksirei ya kawaida hufichaficha mengi. Kwenye picha ya CT, vitone vyeupe katikati ya uchafu huashiria donge la fangasi. Mfupa ukiwa umeliwa, ichunguzwe kama ni uvimbe wa saratani. Kinyama kikikatwa cha kupima, ombeni chupa mbili: ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) iende patholojia, maabara inayokagua nyama kwa hadubini, ya maji ya chumvi ikaoteshwe fangasi. Fomalini huua fangasi, hakioti kitu.

Ana kisukari? Fangasi huweza kuwavamia vikali wenye kisukari. Shavu likifa ganzi au kaakaa likawa jeusi, hospitali leo leo.