Mama anasikia baridi kwenye joto la Tanga

Dada, pole na mama. Umeandika kwamba anajifunika shuka nzito mchana, tena Ngamiani, mjini Tanga, na ananenepa huku anakula kidogo; hayo mimi siiti uzee kama majirani walivyokwambia. Tezi ya thairoidi, pale mbele ya koo, hutoa homoni za T4 na T3 zinazopanga kasi ya mwili kutumia chakula. Zikipungua, mtu husikia baridi, huchoka, moyo hupiga polepole, hata choo huwa kigumu. Hapo tezi ya pituitari, chini ya ubongo, humwaga kwa wingi homoni iitwayo TSH kuihimiza thairoidi. Kwa hiyo damu ipimwe TSH na T4. Mpeleke hospitali ya Bombo, mweleze daktari yote haya. Msingoje shingo ivimbe, wengi haiwavimbi kabisa.