Ukaguzi wa Agosti hautoshi kwa mbuga

Ndugu, umeuliza kama ukaguzi wa mazingira wa siku moja mwezi Agosti unatosha kabla ya kujenga maghala kwenye ile mbuga ya Urambo, Tabora, yaani bonde la nyasi linalotuama maji wakati wa mvua. Hautoshi kabisa. Agosti utakuta nyasi kavu na udongo mweusi uliopasuka. Vyura wengi wamejichimbia, ndege wa majini wamehama. Rudini mvua zikishika, Januari au Februari: alfajiri mhesabu ndege, usiku msikilize vyura, maana kila aina ina mlio wake. Waulizeni wafugaji na warina asali wanyama wanapita wapi, hao wanaijua mbuga kuliko mtaalamu yeyote mgeni. Kama kuna mto, pimeni mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda eneo hilo. Ripoti ya ukaguzi inayokwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, bila taarifa za msimu wa mvua, ipingeni kwa maandishi.