Wamehamisha vifungo tena? Achana na mausi kwanza

Jumatatu hii nimepigiwa simu na watu watatu kabla hata sijamaliza chai, ofisi tofauti, kilio kimoja: kompyuta imejiapdeti wikendi, vitu havipo pale vilipokuwa. Mmoja kaniambia kabisa, "kaka niletee ile ya zamani kwenye flashi." Nikacheka, maana kilio hiki nakijua tangu 2008, na safari ile mkosaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa kijana wa IT kwenye kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ghorofa ya pili huko Posta, kompyuta tisa zote zina Office 2003, yaani Word na Excel za Microsoft za wakati ule. Nikaletewa CD za Office 2007. Jumamosi tarehe 29 Machi nikashinda ofisini peke yangu na chipsi mayai, nikabadilisha mashine zote tisa, najiona shujaa kweli. Angalia hiyo tarehe vizuri. Jumatatu yake ilikuwa 31, siku ya mishahara.

Kwa ambao hawakuwepo enzi hizo: kabla ya 2007 Word na Excel zilikuwa na menyu juu, File, Edit, View na kuendelea, unabonyeza inashuka orodha. Kwenye 2007 orodha zile zikafutwa, ikawekwa ribboni, yaani ule mkanda mpana wenye tabo na ikoni kubwa unaouona mpaka leo. Na kitu kilichouma zaidi, File yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na kitufe cha duara pembeni juu kushoto chenye nembo ya rangi nne, humo ndo walikoficha kuprinti na kuhifadhi, na mtu yeyote mwenye akili zake akikiona anajua ni pambo. Wenyewe waliona, maana Office 2010 ilipotoka duara limeondoka na neno File limerudi.

Dada wa mapokezi alikuwa wa kwanza kunifuata. Ana daftari dogo la mistari, kaandika hatua zote kwa mkono: "File – ya kumi hivi kutoka juu – OK". Kanionyesha daftari, kanionyesha skrini, halafu kwa upole kabisa akaniuliza, "Kaka, kwani kuprinti wameondoa?" Yaani hakulalamika hata, alidhani huduma imesitishwa kama maji ya bomba. Nje kuna dereva anasubiri karatasi aende getini.

Wa pili mzee wetu wa uhasibu. Huyu Excel alikuwa anaipiga kama kinanda, mausi anaitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke na feni. Asubuhi ile kakaa, kaangalia, kanyamaza. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba. Kijana, umeniibia ofisi yangu." Siku mbili nzima alihangaika na mausi kutafuta Paste Special, ile ya kubandika namba bila fomula, mzee wa watu jasho linamtoka na mishahara haijaisha.

Bosi je? Bosi alifurahi! Yeye Word alikuwa anaifungua kuandika barua mbili kwa wiki, basi. Kaona ikoni kubwa zenye picha, kabonyeza Insert, kaweka chati kwenye ripoti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, akaja kuniita nione.

Sasa hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho watu wengi wanakosea. Kila mtu anasema interfesi mpya inawatesa wasiojua, wataalamu watazoea. Siyo. Anayegusa programu mara mojamoja hana cha kupoteza, hakuwa amekariri kitu, kwake kila siku ni mpya tu, na mara nyingi muundo mpya unamsaidia. Na ukweli ni kwamba yeye ndo alikuwa analengwa. Microsoft walieleza wakati ule kwamba watu walikuwa wanaomba vitu viongezwe wakati tayari vimo humohumo ndani, hawavioni tu, Word 2003 ilikuwa na tulba 31, yaani mistari ya vifungo. Na kwenye takwimu zao amri tano tu, Paste, Save, Copy, Undo na Bold, zilibeba karibu asilimia 32 ya matumizi yote ya amri kwenye Word. Kabla ya hapo Office 2000 walijaribu menyu zinazojificha zenyewe, kitu usichokitumia kinapotea kwenye orodha, hiyo ilikuwa balaa jingine kwa sababu menyu ya kwako na ya jirani yako hazifanani, unamwelekeza mtu kwa simu "iko ya nne" na kwake haipo kabisa.

Mtaalamu anaumia, ndiyo, tena anapiga kelele kuliko wote. Ila ana njia ya kutokea. Jumatano yule mzee yuko kwenye simu anagombana na benki, macho hayapo hata kwenye skrini, mkono wa kushoto ukajiendea wenyewe kama ulivyozoea: Alt, E, S. Kijisanduku cha Paste Special kikatokea. Akapiga V, Enter, namba zikakaa. Akaishusha ile simu taratibu, akaviangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine. Kumbe menyu zimefutwa machoni tu, zile herufi za zamani Excel bado inazielewa! Na mpaka leo zinafanya kazi, jaribu kwenye mashine yako ya Windows sasa hivi: kopi kitu, achia, halafu Alt, E, S moja baada ya nyingine. Toka siku ile mzee hakunisumbua tena.

Anayeumia kweli ni yule wa katikati. Dada na daftari lake. Anajua kazi, anaifanya kila siku, lakini anaijua kwa mahali, siyo kwa jina wala kwa vidole. Na kwetu hapa watu wa katikati ni wengi sana kwa sababu ya lugha. Mtu hasomi "Page Layout", anajua ya tatu kutoka kushoto, jina ni picha tu kama nembo ya daladala. Waliobuni ribboni waliona maneno kwenye vifungo yatamsaidia mtu, sawa, yanamsaidia anayeyasoma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili, kazi nzuri mno, lakini kwenye maofisi niliyopitia mimi sijaikuta hata mashine moja, kila mtu alifundishwa na mwenzake kwa "bonyeza hapa, halafu hapa".

Kwahiyo ukinipigia simu leo kwamba wamehamisha vifungo, ntakwambia hivi.

Acha kutafuta kwa mausi. Vifungo vinahamahama, kiibodi haihami. Ctrl+P ilikuwa inaprinti kabla ya 2007, siku ile ya 31 Machi ilikuwa inaprinti (ningemwambia dada hilo tu tungemaliza), na leo inaprinti. F12 inakuletea Save As, ila kwenye laptop nyingi lazima ushike na Fn. Kwenye Excel, Ctrl+1 ni kupanga seli, Ctrl+Shift+L ni filta. Usijifunze hamsini, jifunze zile sita unazozitumia kila siku ya Mungu, shotikati moja kwa wiki, utashangaa.

Halafu ule mstari mdogo wa vifungo unaoitwa Quick Access Toolbar, watu wanaupuuza na ndo dawa yenyewe. Raitikliki kitufe chochote, chagua Add to Quick Access Toolbar, kinakaa juu hapo moja kwa moja, ribboni ibadilike isibadilike. Na cha kwanza unakiita kwa Alt+1, cha pili Alt+2. Kwenye matoleo ya karibuni huo mstari unaweza kuwa umefichwa, raitikliki ribboni uutoe. Mimi namba moja yangu ni kubandika bila fomula, heshima kwa mzee.

Kama jina la kitu unalijua ila hujui kimekaa wapi, bonyeza Alt+Q, andika jina kwenye kisanduku cha kutafuta. Kisanduku hicho kipo tangu Office 2016. Ndo maana nasisitiza majina: ukimfundisha mtu usimwambie "ile pale juu", mwambie inaitwa Freeze Panes, aandike, hata kama maana yake haijui bado. Na ribboni ikipotea yote juu umebaki na majina ya tabo, hujaharibu kitu, umegusa Ctrl+F1 bila kujua, igonge tena. Simu nyingi sana za asubuhi ni hiyo.

Kuna wanaotaka ya zamani kabisa na hawasikii. Sawa, LibreOffice ni bure na inakuachia uchague, menyu za kizamani au tabo, tangu toleo la 6.2 la 2019. Lakini kama mafaili yako ya Excel yana makro nzito, yaani zile hatua zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe, jaribu kwanza kwenye kopi, usije ukanitafuta.

Kwa mabosi na vijana wa IT: usibadilishe kitu mwisho wa mwezi, wala wiki ya kwanza, PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa TRA kabla ya tarehe 7 kupita. Katikati ya mwezi hapo. Na mashine ya kwanza usimpe fundi wa Excel, mpe wa katikati, kaa naye nusu siku kimya uone anakwama wapi, maana fundi atakuzunguka kwa shotikati hutagundua tatizo. Na usifanye kosa langu la kuwaweka wote chumba kimoja, nilikusanya watu tisa nikaanza kuelezea tabo, bosi akawa anachati, mzee akatoka kwenda kuswali adhuhuri hakurudi. Ah, na angalia mafaili: 2007 ilianza kuhifadhi kwa .docx na .xlsx, wateja wenye 2003 wakashindwa kufungua, wiki nzima napokea simu za watu nisiowajua.

Yule dada bado tunawasiliana, sasa yuko ofisi nyingine, Kijitonyama, ndo bosi wa mapokezi. Mwaka jana nilipita, kwao wamehamia toleo jipya, vijana wote wamekodolea skrini, yeye anaprinti tu. Daftari ni jingine, jeusi, gumu. Nikaomba nione ukurasa wa kwanza. Kaandika: "Ctrl+P – kuprinti, popote walipoificha."