Kabla kijana mwenye kisukari hajahamia kliniki ya watu wazima

Wazazi wenzangu wa Mtwara wenye watoto wanaochoma insulini, nawaomba msisubiri mtoto afikishe miaka 18. Anzeni akiwa na 12 au 13. Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza, sasa yuko kliniki ya wakubwa, na kilichomsaidia zaidi ni kuzoea kujisemea mapema.

Kwenye kliniki ya watoto, nesi akiuliza sukari ya asubuhi ilikuwa ngapi, mama ndiye hudakia. Mwache ajibu mwenyewe, hata akibabaika, daftari lake mkononi. Akikua kidogo aingie kwa daktari peke yake, wewe ukae kwenye benchi uitwe mwishoni. Yako mambo ya pombe, mapenzi na mimba ambayo hatauliza ukiwepo, na yote yanagusa sukari.

Kliniki ya wakubwa atakuta wazee, wengi wana aina ya pili na wanameza vidonge. Atapata ushauri wa kila namna, tena kwa upendo: "Mjukuu wangu, mbona sindano mapema hivi? Mwombe daktari vidonge." Awe na jibu lake: "Shikamoo babu. Yangu ni aina ya kwanza, mwili wangu hautengenezi insulini. Nikiacha sindano nitakufa." Tulilifanyia mazoezi jibu hilo nyumbani mpaka akalisema bila aibu. Kila mhudumu mpya naye aambiwe aina hiyo mwanzoni kabisa.

Ajue pia kwamba homa ikimshika na chakula hakipiti, insulini haiachwi. Apime sukari mara kwa mara na anywe maji. Akitapika mfululizo au akipumua kwa kasi, akimbizwe hospitali. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine, ale glukosi au anywe maji ya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Rafiki mmoja shuleni alijue hilo.

Joto letu la pwani linaharibu insulini. Pasipo friji, chupa ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, iwekwe kwenye chungu kidogo kilichotumbukizwa ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa. Aandike tarehe aliyoifungua, kwa kuwa nyingi hutumika takriban wiki 4 tu. Kwa wanaotaka kufunga Ramadhani, waonane na daktari wiki kadhaa kabla. Aina ya kwanza ina hatari kubwa, na dini imempa mgonjwa ruhusa.

Kabla ya kuhama, dai barua: aina ya insulini na dozi, vipimo vya HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), macho na figo, na mara alizozidiwa. Ipigeni picha kwenye simu. Tarehe ya kliniki mpya ipatikane kabla ya kuagwa ile ya zamani, maana vijana wengi hupotelea hapo katikati. Kama ana bima yako, uliza inamfikisha umri gani. Na akienda chuo Dar au Dodoma, atafute kliniki ya huko kabla insulini ya kwenye begi haijaisha.